Mwenzi wako ameanza matibabu ya saratani: mwongozo kwa anayeuguza

Tangu mke wangu amalize dripu yake ya mwisho ya dawa za saratani, simu yangu haipoi. Anapiga kaka wa jirani, anapiga mwanajumuiya mwenzetu, anapiga kijana niliyekaa naye benchi moja kliniki na hadi leo ananiita mzee wa daftari. Maswali ni yaleyale. Nianzie wapi? Nimpikie nini? Homa ikipanda usiku nifanyeje? Wametuambia dawa imeahirishwa, ndiyo basi tena? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Mimi si daktari. Ni mume aliyemuuguza mkewe mwenye saratani ya titi kwa zaidi ya mwaka, tukienda na kurudi kati ya Morogoro na Dar es Salaam. Kwa hiyo mfano wangu ni wa titi na dripu za kila wiki tatu. Kama mwenzi wako ana saratani nyingine, tarehe na dawa zitabadilika, lakini kazi yako itakuwa hiyohiyo: kumkumbukia yale ambayo uchovu unamsahaulisha, na kubaki naye siku ambayo mipango yote imevurugika. Na siku hiyo itakuja. Sijakutana na familia hata moja iliyomaliza matibabu bila kukwama mahali, kwa hiyo jiandae tangu sasa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya dripu ya kwanza

- Kauntabuku moja na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Usitegemee simu, chaji huisha.
- Kipimajoto cha betri kutoka duka la dawa. Ukikosa vyote, hiki usikikose.
- Faili la plastiki lenye barua ya rufaa, majibu ya nyama (kipande cha uvimbe kilichokatwa kikapimwe maabara), picha za eksirei na CT, majibu ya damu, kadi ya bima na kitambulisho cha taifa. Toa nakala za kila karatasi.
- Orodha ya dawa zote anazotumia tayari: za presha, kisukari, ARV, uzazi wa mpango. Daktari lazima azijue.
- Glavu, beseni la kutapikia, ndoo yenye mfuniko.
- Namba ya simu ya wodi au kliniki, na ya dereva wa bajaji au teksi aliyekubali kwa mdomo wake kuamshwa saa nane usiku.
- Fungu la pesa la dharura lisiloguswa hata ada ya shule ikidaiwa. Liwe la nauli ya usiku, vipimo na dawa za siku mbili.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa kwa jina lake, mkiwa wawili

Msianze tiba kwa kusikia tu kwamba "ni uvimbe mbaya." Ulizeni: ni saratani ya aina gani? Iko hatua ya ngapi? Lengo ni kuponya, au ni kuupunguza ugonjwa na kutuliza? Dripu ni ngapi, kila baada ya siku ngapi? Kuna upasuaji? Kuna mionzi? Kwa saratani ya titi ulizeni pia kama nyama imepimwa vipokezi vya homoni na HER2, yaani alama zilizo kwenye chembe za saratani, maana ndivyo vinavyoamua dawa. Mionzi mjue mapema itatolewa wapi, kwa sababu si kila hospitali inayo. Ipo taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali ya Bugando, Mwanza, na mgonjwa huhudhuria siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa. Maana yake utahitaji pa kufikia mjini, si nauli tu.

Majibu ya nyama yafuatilie kwa miguu yako. Sisi tulisubiri wiki sita tukidhani maabara imechelewa. Nilipokwenda mwenyewe, nilikuta yalishafika zamani, yamelala kwenye droo, na hakuna aliyetupigia.

*Kosa la kawaida:* familia kumvuta daktari pembeni na kumsihi, "Mgonjwa asiambiwe." Mama mkwe wangu alitaka hivyo, na namwelewa, alikuwa anamlinda mwanawe. Lakini mgonjwa anayefichwa anasoma nyuso zenu. Hajui kwa nini anatapika, hajui kwa nini arudi dripu ya pili, na siku atakayoacha hamtakuwa na neno la kumwambia. Mke wangu alikuja kuniambia kilichomtisha kuliko jina la ugonjwa ni zile siku tatu tulipokuwa tukinyamaza kila akiingia sebuleni.

Hatua ya 2: Chora kalenda ya siku 21

Dripu nyingi za titi hurudiwa kila baada ya siku 21, na ndani ya siku hizo mwili una mwendo wake. Uandike kwenye kauntabuku:

- Siku ya 1: dripu.
- Siku ya 2 hadi 5: kichefuchefu, uchovu, hamu ya kula hakuna.
- Siku ya 7 hadi 14: chembe nyeupe za damu ziko chini kabisa. Anaweza kuonekana mzima kumbe hana askari mwilini. Hizi ndizo siku za hatari.
- Siku ya 15 hadi 20: nguvu zinarudi. Harusi, kanisa, wageni, shamba, vyote vipangwe hapa.
- Siku moja au mbili kabla ya dripu inayofuata: kupima damu.

Kila jioni andika mistari miwili: joto, alichokula, alivyolala, choo, maumivu. Daktari akiuliza "wiki iliyopita ilikuwaje?", mgonjwa atajibu "nashukuru Mungu." Wewe fungua ukurasa.

Hatua ya 3: Siku ya dripu

Aamkie chakula chepesi, asiende na njaa. Beba maji, kitenge cha kujifunika, na kitu laini cha kula. Vaeni subira, foleni ni ndefu.

Dripu ikiingia, kazi yako ni kuangalia mkono. Akisema panachoma, au ukiona pamevimba au pamekuwa pekundu kwenye sindano, mwite muuguzi sekunde hiyohiyo. Dawa nyingine zikivuja nje ya mshipa zinaunguza nyama. Usione aibu kuita mara tatu. Vilevile akilalamika kifua kubana, mwili kuwasha, uso kuwaka moto au pumzi kukatika, ita, hasa dakika za mwanzo.

Kuna dawa nyekundu, doxorubicin, ambayo hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Si damu. Mwambie kabla hajaenda chooni, maana mimi sikujua, na usiku ule tulilia wote wawili.

Kwa usafiri wa Morogoro na Dar, tuliacha basi tukahamia treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024. Safari ni chini ya saa mbili na ndani mna choo, na kwa mtu anayetapika hiyo ni nafuu kubwa.

Hatua ya 4: Saa 48 za kwanza nyumbani

Dawa inatoka mwilini kwa mkojo, choo, matapishi na jasho. Kwa siku mbili vaa glavu ukisafisha beseni au shuka, fua nguo zilizochafuka peke yake, mwaga maji mara mbili chooni na ufunike. Mkikutana kimwili siku hizo tumieni kondomu, na kwa muda wote wa tiba hakikisheni mimba haiingii. Njia ya kuzuia mimba iamuliwe na daktari, maana zenye homoni hazifai kwa saratani nyingi za titi.

Hayo yote hayana maana ya kumtenga. Saratani haiambukizi. Kuleni sahani moja, laleni kitanda kimoja, watoto wamkumbatie. Na anayepigwa mionzi ya mashine ya nje habaki na mionzi mwilini, watoto wampande mapajani wakitaka.

Dawa za kichefuchefu mpe kwa saa, hata akisema yuko sawa. Kichefuchefu kikishaanza ni vigumu kukirudisha nyuma.

Hatua ya 5: Homa

Hapa soma polepole.

Ilikuwa siku ya tisa baada ya dripu ya pili. Saa nne usiku kipimajoto kilisoma 38.4. Nikafanya kile kila mtu hufanya kwetu: nikampa panadoli mbili, nikampangusa kwa kitambaa cha maji, homa ikashuka, nikajisifu, tukalala. Saa kumi alfajiri niliamshwa na kitanda kutetemeka. Meno yake yanagongana, midomo imepauka, kipimajoto 39.6. Tulifika hospitali kunakucha. Alilazwa siku sita akichomwa antibayotiki kwenye mshipa. Daktari wa zamu aliniambia neno ambalo nalirudia kwa kila anayenipigia simu: panadoli ilikishusha kipimajoto, haikuwashusha wadudu.

Kwa hiyo:

1. Akijisikia baridi, kutetemeka au unyonge wa ghafla, pima joto kwanza, kabla ya kidonge chochote.
2. Likifika 38 au zaidi, ondokeni. Usiku huohuo. Usisubiri kupambazuke, usisubiri lishuke.
3. Usinunue dawa ya mseto dukani ukidhani ni malaria. Inaweza kuwa malaria kweli, lakini atapimiwa hospitali pamoja na damu nyingine.
4. Mapokezi usiseme "ana homa." Watu wenye homa ni wengi, utapangwa foleni. Sema hivi: "Mgonjwa huyu yuko kwenye dawa za saratani, dripu ilikuwa siku tisa zilizopita, joto ni 38.4." Onyesha daftari.
5. Akiwa hana joto lakini amechanganyikiwa, anahema mbiombio au hakojoi, nendeni vilevile.

Hatua ya 6: Chakula

Usipike kwa wingi, pika mara nyingi. Mtori, uji wa lishe, supu ya kuku, yai lililoiva sana, ndizi, parachichi lililooshwa kabla ya kumenywa. Akilalamika mdomo una ladha ya chuma, mpe kijiko cha mbao na kamulia limao kidogo. Harufu ya vitunguu vikikaangwa ilimtoa mke wangu nyumbani mbio, nikahamishia jiko la mkaa uani.

Siku ya 7 hadi 14 hakuna kachumbari, juisi ya barabarani, mayai mabichi wala maji ambayo hayajachemshwa.

Vidonda mdomoni: asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku, atumie mswaki laini. Utando mweupe ukitanda, apelekwe, huenda ni fangasi.

*Kosa la kawaida:* kumlazimisha. Nilishika kijiko mbele ya mdomo wake kama namlisha mtoto, akakisukuma, uji ukamwagika kwenye khanga. Hakusema kitu, alianza tu kuipangusa. Tangu hapo naweka bakuli karibu naye natoka. Mara nyingi nikirudi limepungua.

Hatua ya 7: Nywele

Kwa dawa nyingi za titi hudondoka kati ya wiki ya pili na ya tatu. Mwulize kabla: anyolewe mapema au asubiri? Na anyolewe na nani? Mke wangu alisubiri. Asubuhi moja aliinua kichwa, nusu ya msuko ikabaki kwenye mto. Alikaa mkekani uani, akaniambia nilete mashine. Niliponyoa upande mmoja, binti yetu mdogo alikuja akakusanya nywele zote kwenye mfuko wa rambo, akaufunga fundo, akauliza waziweke wapi mpaka mama apone. Hatukuwa na jibu. Mfuko bado uko juu ya kabati.

Hatua ya 8: Ndugu na dawa za kienyeji

Chagueni msemaji mmoja wa familia. Kila anayetaka habari ampigie yeye. Mgonjwa asijibu simu ishirini akieleza alivyotapika.

Dawa zitaletwa: majani ya mstafeli, mlonge, unga usio na jina ndani ya chupa ya maji. Wanaoleta wanampenda, usiwafukuze. Mimi nilikuwa nasema, "Ahsante sana shangazi, tunaiweka, daktari akiruhusu tutaitumia." Sababu ni hii: ini na figo ndivyo vinavyosafisha dawa ya dripu mwilini, na mchanganyiko usiojulikana unaweza kuviumiza au kubadilisha nguvu ya dawa. Wengi wetu tunakumbuka foleni za kikombe cha Babu wa Loliondo mwaka 2011. Imani ya mtu siigusi. Maombi yaendelee, dua zisomwe, na dripu isisimame.

Hatua ya 9: Nyinyi wawili

Baada ya upasuaji alikuwa akibadilisha nguo amegeukia ukutani. Sikujua niseme nini, nikanyamaza, naye akadhani namkwepa. Siku muuguzi alipoomba mtu wa kusaidia kubadilisha bandeji, nilijitolea. Niliona kovu lote, toka kwapani hadi katikati ya kifua. Nilimwambia ukweli: "Naogopa kukuumiza, si kukuona." Tulianzia hapo.

Mshike mkono, mkande miguu, laleni karibu bila kudai zaidi. Tendo la ndoa litarudi kwa wakati wake. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mionzi inaweza kukausha na kubana njia. Muulizeni daktari waziwazi, wana vifaa na mafuta ya kusaidia, ila wengi hawasemi mpaka waulizwe.

Atakukasirikia kwa mambo madogo. Anaogopa, na wewe ndiye uliye karibu.

Mambo yanapokwama

*"Damu iko chini, rudini wiki ijayo."* Hili lilitupata mara mbili. Mara ya kwanza mke wangu aligoma kuinuka kwenye benchi, ametoka Morogoro usiku, amejiandaa moyo, halafu anaambiwa arudi. Nilikaa naye pale karibu saa nzima, sikumhimiza. Ahirisho la wiki si kushindwa kwa tiba, ni mwili kupewa nafasi. Usiwaombe wampe hivyohivyo. Uliza tarehe ya kurudi, uliza kama kuna sindano ya kupandisha chembe nyeupe, na ndani ya wiki hiyo endelea kulinda joto.

*Anahitaji kuongezewa damu.* Tafuta wachangiaji mapema, ndugu wawili watatu walio tayari, bila kujali kundi lao. Benki ya damu itajua la kufanya.

*Mashine ya mionzi imesimama.* Usirudi nyumbani bila kuuliza siku zilizokosekana zitafidiwaje. Alama walizomchora mwilini zisisuguliwe wakati wa kuoga, na ngozi ile isipakwe losheni yenye manukato.

*Pesa imekwisha au bima imegoma kulipa.* Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hajakosa dripu, si baada ya kukosa tatu. Na mwambie daktari. Nimeona wagonjwa wakitoweka kimyakimya kwa aibu ya nauli tu.

*Anasema hataki tena.* Usihubiri. Uliza ni nini hasa kimemchosha. Mara nyingi ni kitu chenye dawa: kutapika, kukosa usingizi, ganzi miguuni, choo kigumu. Kitibiwe kwanza, kisha mzungumze upya. Akiendelea kukataa akiwa anaelewa, mwili ni wake. Mpeleke akamwambie daktari mwenyewe.

*Mkono umevimba upande wa upasuaji.* Mapema kabisa muone daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Asikatwe na kuchomwa ovyo mkono huo, na sindano atumie mwingine inapowezekana.

*Maumivu hayashikiki.* Uliza huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa, na mofini ya maji. Watu huikimbia wakidhani ni dawa ya kufa au italeta uteja. Ikitolewa kwa maumivu, kwa kipimo cha daktari, kwa kawaida haifanyi hivyo. Mofini ya maji ya kawaida hunywewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, haisubiri maumivu, na haiachwi ghafla. Inaleta choo kigumu, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha.

*Kipimo kinaonyesha ugonjwa haujapungua, au umerudi.* Siku hiyo msiamue chochote. Andika alichosema daktari, rudini nyumbani, kuleni, laleni. Mkirudi ulizeni matatu: kuna dawa nyingine? Inatarajiwa kufanya nini, kuponya au kumpa muda na nafuu? Na itamchukulia nini? Kisha muulize mwenzi wako yeye anataka nini, na unyamaze mpaka amalize.

*Wewe mwenyewe umechoka.* Dripu ya tano sikwenda. Nilimwomba shemeji aende naye, nikalala tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Mke wangu aliporudi alikuwa ameandika mwenyewe kwenye kauntabuku, mwandiko unapanda na kushuka: "Dripu imeingia vizuri. Shemeji anaongea sana. Joto 36.7."